Ini la Mwenyekiti

Jumamosi, 5 Julai 2025

Nimedhalilishwa. Na pazia! Pazia la kitenge, la maua ya njano.

Leo kambi ya afya imekuja kanisani kwetu hapa Busia. Kupimwa bure. Presha, sukari, na mashine ya kupiga picha ya tumbo. Mimi siumwi. Sijawahi kuumwa. Nilikwenda kwa sababu moja tu: Phiona, makamu wangu, alitangaza kwamba atakuwa wa kwanza kwenye foleni. Mwenyekiti hatanguliwi na makamu wake. Nilifika jua halijachomoza vizuri, nikamkuta, nikampita. Cheo ni cheo.

Daktari ni binti mdogo kutoka Tororo, anaitwa Tracy. Kanipaka tumboni kitu baridi kama uji wa jana. Kazungusha kidude chake. Kazungusha tena. Halafu, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya, akasema: "Mama, ini lako lina mafuta mengi. Unakunywa pombe?"

Mimi! Kevina Taaka! Mwenyekiti wa Umoja wa Wanawake Wasioonja, mwaka wa tisa huu! Mwenye mgahawa wa Kikombe cha Wokovu, pale malori yanapongojea kuvuka mpaka! Walevi saba wameacha pombe mezani pangu. Saba! Dawa yangu inajulikana: kiu ya malwa, pombe yetu ya wimbi, ikikushika, unakimbilia kwangu, unapewa chai ya vijiko sita vya sukari, au soda, na mandazi ya moto. Kiu ya pombe huogopa sukari. Hilo nimelivumbua mwenyewe.

Nilimwambia huyo binti kwamba tone halijawahi kupita kwenye koo hili. Akasema anaamini, ni swali la kila mtu, maana mafuta ya ini hayaletwi na pombe peke yake. Akaanza kutaja soda, sukari, vya kukaanga, uzito, kukaa kitini kutwa. Akaongeza kwamba hata sukari ya damu yangu imefika penye ua, imebaki kuruka tu. Sikusikiliza sana. Nilikuwa nalitazama pazia. Chini yake niliona viatu. Vya Phiona. Havikutikisika hata kidogo. Viatu vinavyosikiliza huwa hivyo.

Uchaguzi wa mwenyekiti ni tarehe ishirini.

Naandika haya kwa Kiswahili kwa makusudi. Phiona akilipata daftari hili atapata taabu. Kiswahili chake ni cha kununulia vitunguu.

Jumapili, 6 Julai

Kanisani. Dada wanne walinikumbatia kabla ya ibada. Kwa muda mrefu. Wa tatu ndipo nikagundua: wananinusa!

Mchungaji Nathan alihubiri juu ya yaliyositirika kwamba yatafunuliwa. Alikuwa anatazama dirisha. Lakini dirisha liko nyuma yangu.

Baada ya ibada nilimbana Phiona penye mtungi wa maji. Akaapa kwamba hajasema neno kwa mtu. Aliomba maombi tu, kwenye kwaya, kwa ajili ya dada mmoja ambaye hakumtaja, mwenye mgahawa, anayeugua ini. Akanishika mkono. Akasema, "Dada, Mungu hachoki kusamehe." Mkono wake ni mwembamba kama bua la wimbi, na baridi.

Mchana, muuza nyanya kutoka Marachi, ng'ambo ya Kenya kabisa, akanipa pole. Mpakani hapa mahindi hukaguliwa, vitenge hukaguliwa, hata kuku huulizwa karatasi. Umbea hupita bila kusimamishwa.

Nilimsimulia mume wangu, Ofwono, yote. Alikuwa kwenye cherehani yake, anashona gomesi ya mtu, gauni la sherehe. Akauliza swali moja tu: daktari amesema ufanye nini? Nimemweleza habari ya heshima yangu saa nzima, yeye anauliza hilo! Wanaume hawasikilizi.

Jumanne, 8 Julai

Nimepata njia. Nzuri mno. Nimecheka peke yangu nikikanda unga.

Tatizo si mafuta. Tatizo ni kwamba mafuta yana jina langu. Basi nitayahamisha. Nimevuka asubuhi hadi Busia ya Kenya, kwenye kiliniki moja ndogo nyuma ya soko, isiyonijua. Mhudumu akauliza jina. Nikasema: Phiona. Nikalitamka vizuri, nikalirudia, nikamwangalia akiliandika.

Kama mashine yao ingesema ini ni safi, ningejua binti Tracy ni mwongo. Kama ingesema lina mafuta, basi Phiona ana mafuta! Nimeshinda pande zote mbili. Sijui kwa nini watu hawanichagui mbunge.

Mashine ikasema mafuta. Daktari wa huko, mzee mwenye miwani, akasema yamefika daraja la pili na si jambo la kuchekea. Lakini nilikuwa nacheka. Akanitazama vibaya. Akaandika barua: Phiona apunguze uzito, aache soda na sukari, atembee kila siku. Nikamwambia nitamfikishia. Akauliza nitamfikishia nani. Nikaondoka haraka.

Nikiwa njiani nilinunua soda mbili. Jua lilikuwa kali na furaha nayo hukausha koo.

Jumatano, 9 Julai

Barua imo ndani ya kitabu cha nyimbo cha kwaya, ukurasa watakaoimba Ijumaa. Nimeichomoza kidogo, kama ulimi. Sasa kungoja tu.

Ijumaa, 11 Julai

Sitaki kuandika. Naandika.

Barua ilianguka mazoezini kama nilivyopanga. Aliyeiokota ni Edeku. Huyu Edeku ndiye tunda langu la kwanza. Zamani alikuwa akivusha mizigo mpakani kwa baiskeli na kulala mtaroni, sasa ni sauti ya besi na anakalia viti viwili. Edeku hana ubaya, ila ana sauti. Akaisoma yote, kwa besi. Phiona. Mafuta kwenye ini, daraja la pili. Hapo kwaya ikashtuka, nami nikaweka mkono kifuani kwa huzuni.

Akaendelea kusoma. Umri: hamsini na minne. Uzito: kilo mia na mbili.

Phiona ana miaka thelathini na minane. Ukimweka kwenye mizani na mwavuli wake hafiki kilo hamsini.

Kwaya nzima ikageuka. Si kwa Phiona. Kwangu! Soprano mmoja alilala kwenye benchi kwa kucheka. Mazoezi yakafa.

Nikasema ni kosa la Wakenya. Mchungaji Nathan akaniita ofisini, akasema kwa upole kwamba anasikitika. Nikasema na mimi nasikitika, uzito wa mtu ni siri yake.

Ofwono alipopata habari aliacha kushona. Akasema, "Mama Damalie, nchi mbili hizi hazijawahi kukubaliana juu ya mahindi. Lakini juu ya ini lako zimekubaliana." Kisha akarudi kwenye cherehani. Kwa nini niliolewa na mwalimu mstaafu? Fundi wa kawaida angeshona tu.

Jumatatu, 14 Julai

Mchuuzi mmoja penye foleni ya malori anauza unga wa kusafisha ini. Wa kijani. Amesema amemtibu dereva wa trela kutoka Kongo. Nimekunywa vijiko vitatu. Uchungu usioelezeka! Nikauondoa kwa soda. Ukabaki. Nikaongeza soda. Ya tatu ndiyo iliyomaliza.

Mengine sitaandika. Nimeujua mlango wa choo chetu leo kuliko miaka kumi yote iliyopita. Una misumari kumi na minne.

Nilipotoka mara ya mwisho, Ofwono alikuwa amekaa nje kwenye kigoda, ananingoja. Hakucheka. Alisema nimemkumbusha Akumu.

Akumu ni dada yangu. Tulimzika Lunyo miaka mitatu iliyopita. Tumbo lilijaa maji, macho yakawa ya manjano. Hakuwahi kuonja pombe. Matanga yalipokuwa yakiendelea nilisikia wanawake wawili jikoni wakisema alikuwa akinywa kwa siri. Nilimwaga sufuria yao ya maharage. Yote.

Nilimwambia Ofwono asinitajie Akumu nikiwa na tumbo linalouma. Akasema sawa. Lakini alibaki pale pale kwenye kigoda.

Alhamisi, 17 Julai

Nimepata njia nyingine. Hii haina barua.

Hoja yangu ni hii, na haina tundu. Watu wanasema mafuta ya ini ni ya walevi. Vyema! Binti Tracy anarudi Jumamosi na mashine yake. Nitampelekea watu wangu saba walioacha pombe, wamevaa kanda za Umoja begani, mbele ya kanisa lote. Maini yao yatakuwa meupe kama sabuni. Maana wamekunywa nini miaka yote hii? Chai yangu. Soda yangu. Basi chai na soda hazina kosa, na mimi sina kosa, na mashine ilinionea tu siku ile kwa sababu nilikuwa nimetangulia kwenye foleni na haijapata moto.

Na ili watu waone tofauti, nitampeleka na mlevi halisi. Opolot!

Opolot ni jirani yetu. Miaka tisa nimemhubiria, miaka tisa ananiitikia amina na kwenda kwenye mtungi. Kutwa analima mashamba ya watu kwa kibarua, jioni yuko kwenye mrija wa malwa. Mwembamba, mweusi, mkavu kama mpini wa jembe lake. Nikamfuata shambani. Nikamwambia nataka apimwe ini bure. Akauliza kama inauma. Nikasema haiumi. Akasema, "Mama, mimi naenda. Lakini nikikutwa mbaya, usiimbe wimbo."

Nikamwahidi sitaimba. Nimeshauchagua wimbo.

Jumamosi, 19 Julai

Saa moja asubuhi tulikuwa uwanjani. Kanda za kijani, saba. Viti vimepangwa. Phiona yuko mbele na daftari la mahudhurio, ametabasamu kama mtu anayengoja arusi.

Nilimwomba binti Tracy atoke nje ya pazia kila mara na kutangaza majibu. Akakataa. Alisema ini la mtu ni la mtu, hasomi maini hadharani. Nikasema haidhuru, watu wangu hawana cha kuficha, watatangaza wenyewe.

Edeku akaingia wa kwanza. Nikaanzisha pambio. Tulikuwa ubeti wa pili alipotoka, mikono kichwani. Akasema kwa besi ile ile, na uwanja mzima ukasikia: "Mama, liko na mafuta. Kuzidi lako!"

Nikasema Edeku ni mmoja, tuendelee. Akaingia wa pili. Mafuta. Wa tatu. Mafuta, na sukari ya damu imesharuka ua. Wa nne, mafuta. Pambio lilikuwa linapungua waimbaji. Wa tano. Wa sita. Huyo wa sita alitoka akilia, maana ana watoto watano, na akaniuliza mbele ya watu, "Si ulisema chai ni dawa?" Mimi! Mwenyekiti wake! Nikarekebisha ukanda wake begani. Haukuwa umepinda.

Akabaki Osire, wa saba, mtu mkimya, dobi. Akaingia. Akakaa. Akatoka akisema ini lake ni safi kabisa. Nikaruka! Nikamshika mkono nikauinua juu kama bondia! Nikaita watu waje waone tunda la Kikombe cha Wokovu!

Osire akaniambia sikioni niushushe mkono wake. Kwamba tangu Pasaka hanywi chai yangu. Anakwenda Petta kwa shemeji zake Jumamosi kwa Jumamosi, kwa miguu, kwenda na kurudi, na huko wanakunywa malwa pamoja. Alinong'ona vizuri. Ila Edeku alikuwa karibu, akauliza, "Malwa?" Kwa besi.

Hapo ningesimamisha kila kitu. Lakini Opolot alikuwa ameshaingia mwenyewe, jembe ameliegemeza kwenye nguzo. Akatoka. Akalichukua jembe lake. Akasema bila kelele, "Langu halina kitu."

Sijawahi kusikia kicheko kama kile kwenye ardhi ya kanisa. Bibi mmoja, mwanachama wa Umoja tangu mwanzo, akauliza kwa dhati kama basi malwa ndiyo dawa ya ini. Mwingine akasema kwao walisema zamani. Miaka tisa ya kazi, na hata chai ya saa nne haijanywewa!

Ndipo binti Tracy akatoka, akapanda juu ya benchi, na viatu vyake vya raba. Akasema watu wanyamaze. Wakanyamaza. Alisema malwa si dawa ya kitu chochote, na Opolot analindwa na jembe lake na chakula chake cha muhogo na mboga, lakini presha yake leo imemtisha yeye kama daktari, na pombe haina haraka, itamfikia. Opolot akaacha kutabasamu. Kisha binti Tracy akaeleza habari ya ini. Kwamba sukari tunayokula kuzidi mahitaji, ini huigeuza mafuta na kuyaweka akiba, na mtu akikaa tu akiba haitumiki, inaongezwa juu ya akiba. Kwamba sukari ya damu nayo hupanda, na presha, ni ndugu wa tumbo moja hao. Halafu akasema hili, nami nitalikumbuka:

"Pombe ni njia moja ya kufika kwenye hilo shimo. Soda ni njia ya pili. Mama Kevina aliwatoa watu kwenye ile, akawapitisha kwenye hii. Hakujua."

Hakujua! Mbele ya Phiona!

Baadaye aliniita pembeni, akanionyesha picha. Yangu. Nyeupe nyeupe, kama ukungu wa asubuhi mtoni. Alisema ini halilii. Likianza kulia limechelewa, limeshakuwa kovu tupu. Nikamwuliza, bila kutaka kuuliza, kama ndivyo ilivyokuwa kwa mtu anayejaa maji tumboni bila kunywa pombe. Akasema huenda, hakumpima huyo mtu. Alisema langu bado halijafika huko. Kwamba ini ni kiungo kinachosamehe. Nikipunguza kilo kumi hivi, niache soda, nitembee, nile mboga za majani, ukungu utapungua.

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Ofwono alikuwa amesikia. Alikuwa amebeba makreti ya soda kutoka mgahawani, moja moja, na kuyapanga nje ili yarudishwe kwa mwuzaji wa jumla. Nikampigia kelele. Nikamwambia anamaliza kazi ambayo Phiona ameanza. Akaweka kreti chini. Akasema, "Sikuoa mwenyekiti, Kevina. Nilioa msichana wa Lunyo aliyekuwa ananishinda mbio. Huyo nataka azeeke na mimi."

Hajaniita Kevina tangu mtoto wetu Damalie azaliwe.

Nilikwenda kulisha kuku. Walikuwa wameshalishwa.

Jumapili, 20 Julai

Uchaguzi. Watu walidhani nitajitoa. Hawanijui! Nilivaa gomesi ya zambarau, nikasimama, nikahutubia. Niliwaambia kwamba kiongozi wa kweli hutangulia hata kwenye ugonjwa. Kwamba nimewatoa watu saba mtaroni, na mtu mnene aliye hai humlea mtoto vizuri kuliko mwembamba aliye mtaroni. Hapo wachache walipiga makofi. Mke wa Edeku alipiga makofi amesimama. Kwamba sikuwahi kuonja, na sasa nchi mbili na mashine mbili ni mashahidi kwamba mafuta yangu ni ya halali!

Phiona alisema maneno mawili: "Tutembee pamoja." Maneno mawili!

Phiona kura thelathini na moja. Mimi kura tatu. Moja ni yangu. Ya pili naijua. Ya tatu sijui ni nani, na nikimjua nitampa kuku.

Nilimpongeza Phiona. Nilimshika mkono kwa nguvu kidogo. Alisema kwenye mikutano hakutakuwa tena na mandazi, kutakuwa na karanga na maji. Kwa hiyo uasi umeanza.

Jumatatu, 21 Julai

Siku ya kwanza ya kutembea. Ofwono ndiye aliyeniamsha. Tumekwenda hadi penye kituo cha forodha na kurudi. Nimepumzika mara nne. Madereva wa malori walipiga honi. Niliwapungia mkono kama mgombea.

Chai bila sukari. Ni kama kumwamkia mtu asiyeitikia. Unaiinua, unaionja, unangoja. Hakuna kitu.

Chakula cha mchana: dodo, yaani mchicha wetu, kunde, samaki wa kuchemsha. Dodo nyingi. Ofwono anazichuma mwenyewe nyuma ya nyumba, kama mtu aliyepewa amri na serikali.

Nilimwambia nafanya haya kwa ajili yake tu, si kwamba nimekubali. Akasema inatosha.

Jumatano, 6 Agosti

Kilo tatu zimeondoka! Tatu! Nimepimwa mara mbili kwa mizani ya muuza mahindi. Sasa tunafika hadi njia panda ya kwenda Tororo, na sipumziki hata mara moja. Jana nilimpita Ofwono kwenye kilima kidogo. Alisimama nyuma akashika kiuno, nikadhani ameumia. Kumbe alikuwa anacheka. Nami nikacheka. Edeku naye anatembea, akiwa na watatu katika wale wengine. Hata yule wa watoto watano amekuja, amenisalimia. Sitaandika zaidi juu ya hilo, nina jicho linalotoka maji siku hizi, ni vumbi la malori.

Mtu akipunguza kilo tatu anakuwa si mgonjwa tena bali ni mtaalamu. Nimelifikiria jambo hili njia nzima. Phiona ana Umoja wake wa karanga. Watu wanatembea naye wakiwa na kiu na nyuso ndefu. Hawana furaha! Hawana kinywaji! Wanahitaji kiongozi.

Kwa hiyo leo nimeanzisha Chama cha Maini Safi. Wanachama: mimi. Mwenyekiti: nimechaguliwa kwa kauli moja. Na nimeagiza mashine, ile ya kukamua, ya magurudumu mawili na mkono wa kuzungusha. Imewasili mchana. Nimeiweka mlangoni mwa mgahawa, njiani hasa wanapopita watembeaji wa Phiona wakirudi, wamechoka, wanahema. Bango nimeandika mwenyewe kwa rangi ya kijani: MAJI YA MIWA, TIBA YA INI. Glasi kubwa. Nitatia na limau kwa wanaotaka dawa kali.

Soda hakuna. Sukari ya kijiko hakuna. Mandazi hakuna. Nani atanilaumu?

Ofwono amesoma bango. Amelisoma tena, polepole, kama insha ya mwanafunzi. Akaniuliza kama nimemwuliza daktari.

Nimemjibu kwamba sina haja ya kuuliza. Daktari alisema nile majani. Muwa ni nini? Ni jani tu, lililosimama wima.